Funika chupa, funua hesabu: kuonja Chardonnay kwa ajili ya mchango hapa Moshi

Ukimwambia mtu wa Moshi kwamba Jumamosi mnakwenda kuonja mvinyo kwa ajili ya kuchangia shule, atatabasamu. Anajua ulevi ukivalishwa tai unafananaje. Simlaumu. Lakini ninachoeleza hapa ni kitu kingine: watu 12 mezani, chupa 6 za Chardonnay, mvinyo mweupe, zilizofichwa kwenye mifuko ya kaki, kalamu, ndoo ya kutemea, na profoma ya simtanki la lita 5,000 iliyobandikwa ukutani. Tumefanya hivyo mara nne nyumbani kwa rafiki kule Rau, na kila mara kuna kitu tulikosea. Mwongozo huu umetokana zaidi na makosa hayo kuliko na utaalamu.

Kwanza kabisa: kitu chenye bei

Msianze na mvinyo. Anzeni na kitu kimoja ambacho muuzaji anaweza kukiandikia bei. "Kusaidia watoto" hakuna bei. Tangi la maji la shule lina bei, lina usafiri wake na lina fundi wa kulifunga. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi unaandikiwa profoma, unaipiga picha, unawatumia wenzako. Kila mtu anajua tunakimbilia wapi.

Hapo hapo tenganisheni fedha za aina mbili. Kuna gharama ya kikao: chupa, mkate, barafu, chakula, kukodi glasi. Na kuna mchango wenyewe. Mara ya kwanza mimi ndiye niliyeshika fedha, nikapokea zote kwenye simu yangu, zikachanganyika na za ada ya mtoto na za gesi, halafu nikasema kitakachobaki ndiyo sadaka. Kilichobaki kilinifedhehesha. Mchango si chenji. Siku hizi kila mtu hutoa 40,000 ya gharama, jumla 480,000, na lazima kikao kiishie humo. Mchango unaingia kwa mtu mwingine kabisa, kwenye namba nyingine, na hauguswi hata kununua barafu.

Mtu huyo wa pili, na huu ni ushauri ninaoupenda kuliko yote, awe mtu asiyekunywa. Kila kundi la marafiki Moshi lina mlokole wake na Mwislamu wake, na mara nyingi shughuli kama hizi huwaacha nje. Waiteni. Asiyekunywa ndiye atakayefunika chupa, atakayejumlisha kura akiwa na akili timamu saa mbili usiku, na ndiye mtakayemwamini na fedha. Kwetu kazi hiyo anaifanya shemeji wa mwenye nyumba, na anatutawala kama monita wa darasa la saba.

Mvinyo na sadaka si ndoa mpya, kama kuna atakayeuliza. Mjini Beaune, huko Burgundy, Ufaransa, kuna hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin pamoja na mkewe Guigone de Salins. Kwa karne nyingi watu waliiachia mashamba ya mizabibu katika wosia zao, na tangu 1859 mvinyo wa mashamba hayo hupigwa mnada, siku hizi Jumapili ya tatu ya Novemba. Nilipowasimulia wenzangu hakuna aliyeshangaa. Hapa kwetu kila Jumapili, ibada ikiisha, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu hupigwa mnada nje ya kanisa. Anayeshinda hulipa, kisha huurudisha ule mkungu upigwe tena. Nimewahi kuona mkungu mmoja ukinunuliwa mara tatu na bado ukabaki pale pale kwenye nyasi.

Sheria, kwa ufupi

Kuuza kileo bila leseni ni kosa. Watu wanaofahamiana wakichangiana chupa nyumbani hiyo ni karamu. Ukibandika tangazo na kuuza tiketi mlangoni hiyo ni biashara. Mkitaka kuwa wengi, fanyieni kwenye hoteli au mgahawa wenye leseni ya vileo, au kaulizeni kwanza ofisi ya biashara ya manispaa. Asiwepo mtu wa chini ya miaka 18 mezani. Na atakayekuja na gari aje na mtu wa kuliendesha kurudi.

Kuchagua chupa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kikao kizima kinapona au kinakufa dukani.

Chardonnay ni zabibu nyeupe ya asili ya Burgundy, na hata kijiji kiitwacho Chardonnay kipo huko. Mwaka 1999 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni mtoto wa Pinot, zabibu ya heshima, na Gouais Blanc, zabibu ya wakulima wa hali ya chini ambayo watu walikuwa wameidharau. Ni hadithi ambayo kila ukoo unayo toleo lake. Sifa ya mtoto huyo ni kwamba kwa asili yake hana harufu kali. Anachukua tabia ya alikolelewa: udongo, jua, pipa, mkono wa mtengenezaji. Ndiyo maana inafaa sana kulinganishwa. Ukiweka chupa sita za zabibu ile ile na bado hazifanani, hapo unaonja mahali na kazi ya watu.

Kwa hiyo msinunue chupa sita zinazofanana. Tafuteni ncha zinazovutana. Mpango wetu huwa hivi:

Chupa moja ya Chablis, kaskazini mwa Burgundy, kwenye baridi na udongo wa chokaa uliojaa magamba ya chaza wa kale. Chablis ya kawaida hutengenezwa mara nyingi kwenye matangi ya chuma bila pipa, kwa hiyo inakuonyesha zabibu ikiwa haijavaa nguo nyingi.

Moja ya kusini mwa Burgundy, kama Mâcon-Villages, ambako jua ni zaidi kidogo.

Moja ya Afrika Kusini isiyoguswa na pipa, na nyingine ya Afrika Kusini iliyolala kwenye pipa la mwaloni. Hizi ndizo rahisi kupatikana kwetu. Robertson ina udongo wa chokaa na imejijengea jina kwa Chardonnay, Elgin iko juu na ina ubaridi zaidi, Stellenbosch ndilo jina kubwa la mvinyo huko.

Moja ya California au Australia, yenye jua kali na pipa la kutosha.

Ya sita nitaieleza kwenye kufunika.

Ongezeni ya saba ya akiba. Daima. Kuna siku chupa itafunguliwa na kunuka daftari lililolowa, na saa hiyo ya jioni hakuna wa kukuuzia nyingine.

Mitego ya lebo iko miwili. Wafaransa mara nyingi hawaandiki jina la zabibu, wanaandika mahali. Bourgogne Blanc, Chablis, Pouilly-Fuissé, hizo ni Chardonnay. Lakini Pouilly-Fumé si Chardonnay hata kidogo, ni Sauvignon Blanc kutoka bonde la mto Loire. Mwenzetu mmoja aliileta kwa kiburi na ilikuwa chupa ya bei kuliko zote. Mtego wa pili ni mwaka. Kusini mwa dunia huvuna Februari na Machi, Ulaya huvuna Agosti na Septemba, kwa hiyo chupa ya Afrika Kusini na ya Ufaransa zenye mwaka mmoja kwenye lebo zimepishana kwa nusu mwaka.

Mvinyo wa namna hii hauko kwa Mangi. Nendeni kwenye maduka makubwa au ya vinywaji mjini, au agizeni Arusha. Mkifika, msichukue iliyosimama dirishani inapigwa na jua la saa nane. Chukueni ya ndani, kwenye kivuli, ambayo kizibo chake hakijasukumwa juu na rangi yake haijageuka kahawia. Angalieni stempu ya TRA. Na mtu akikwambia anaweza kukuletea kwa bei nzuri kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya, pale Holili, usiku, mshukuru na umwache aende. Hatuwezi kuchangia shule kwa bidhaa iliyopita njia ya panya.

Mtaulizwa kwa nini si Dodoma. Swali la haki. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa hawezi hata kuliota, lakini zabibu zao zinazojulikana zaidi ni Makutupora, Syrah na Chenin Blanc. Sisi huweka Chenin ya Dodoma wakati wa chakula, kura zikiwa zimekwisha.

Kufunika

Mwaka 1976, tarehe 24 Mei, Mwingereza mfanyabiashara wa mvinyo mjini Paris, Steven Spurrier, aliwakalisha waamuzi wa Kifaransa mbele ya Chardonnay 6 za California na 4 za Burgundy bila kuwaambia ipi ni ipi. Iliyoshinda ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, kutoka California. Kama lebo zingekuwa wazi, naamini yasingekuwa matokeo hayo. Hawakuwa watu wabaya. Jicho likishasoma jina, ulimi hutii.

Nasi ni vivyo hivyo. Kwenye kikao chetu cha kwanza chupa zilikuwa wazi, na ajabu, mpangilio wa ushindi ulifuata mpangilio wa bei kama hesabu ya shule.

Mfunikaji aingie jikoni peke yake. Aondoe karatasi yote ya shingoni, maana rangi yake inasema. Azibue vizibo na kuvificha, kwa sababu chupa ya kizibo cha kusokota na ile ya kizibo cha gome zinatofautishwa na kipofu. Atie kila chupa kwenye mfuko wa kaki, afunge shingoni kwa utepe, aandike namba. Soksi ndefu za shule zinafaa zaidi kuliko mfuko, kwa sababu haziloi zikachanika mvinyo ukitoka kwenye barafu. Kisha mtu wa pili, ambaye hakuona chupa, abadilishe namba. Sasa hakuna hata mmoja anayejua yote, na orodha mbili zinafungwa kwenye bahasha.

Na ya sita? Ya sita ni nakala ya moja kati ya zile tano. Nunueni chupa mbili za mvinyo ule ule, mzipe namba mbili tofauti, msiwaambie watu. Ni mtihani wa sisi, si wa mvinyo. Kwenye kikao cha tatu nakala zile zilikuwa namba 2 na namba 5. Mimi niliipa moja nafasi ya pili nikaandika "safi, ina adabu", na nyingine nikaiweka mwisho kabisa. Karatasi hiyo bado ninayo. Tangu hapo nimepunguza sana kuwafundisha watu mezani.

Baridi

Moshi si Paris. Mwezi wa pili joto la hapa linaweza kuufanya mvinyo mweupe uwe kama uji. Friji nayo inapoza kupita kiasi: mvinyo ukiwa na nyuzi 4 au 5 unakufa ganzi, husikii harufu wala pipa, na mbaya unafanana na mzuri. Lengo ni nyuzi 10 kwa zile kali kama Chablis, 12 au 13 kwa zilizolala kwenye pipa. Ila kwa kuwa zimefichwa na hatutaki joto litoe siri, zote tunaziweka kwenye 11 hivi. Toa kwenye friji dakika 20 kabla.

Umeme ukikatika, na utakatika, chukua ndoo, tia barafu, maji na konzi mbili za chumvi. Barafu pekee huigusa chupa kwenye pembe tu; maji huizunguka yote, na chumvi huyashusha joto chini ya sifuri. Ndani ya dakika 15 hadi 20 umefika.

Glasi na pua ya nyumba

Kila mtu anahitaji glasi tatu zinazofanana, jumla 36. Hakuna mwenye nazo, kwa hiyo nendeni kwa wanaokodisha vyombo vya harusi. Zikifika zitakuwa zinanuka sabuni na kabati. Zisuuzeni kwa maji ya moto matupu, zianikeni kichwa chini kwenye kitambaa safi, halafu nusa kila moja. Kweli, moja moja.

Kisha nuseni nyumba. Udi, dawa ya mbu, manukato ya Jumapili, dawa ya kupuliza chooni, vyote hivyo vinaingia kwenye glasi. Mwenye kazi ya nyama asiwashe mkaa mpaka kura zikusanywe. Tuliwahi kuonja chupa sita ambazo zote tuliandika "ina moshi", na ulikuwa moshi kweli, wa jiko la nyuma.

Pima mimino: 40 ml kwa mtu. Chukua bomba la sindano la 20 ml kutoka duka la dawa, mimina maji mara mbili kwenye glasi moja, weka alama ya utepe, na hiyo ndiyo glasi ya mfano. Watu 12 kwa 40 ml ni 480; kwenye chupa ya 750 unabakiwa na 270 za watu kurudia na za chakula. Kwa mtu mmoja chupa sita ni 240 ml, karibu theluthi ya chupa nzima akimeza kila tone. Ndiyo sababu ndoo ya kutemea si mapambo.

Watu hapa huona haya kutema. Wakumbushe kahawa. Huu ni mji wa mnada wa kahawa. Waonjaji wake huchota kwa kijiko, huvuta kwa mluzi hadi nje usikie, na hutema. Hakuna anayewaita washamba.

Kuonja kwenyewe

Raundi mbili, chupa tatu tatu. Dakika kumi za kwanza za kila raundi hakuna kuzungumza. Mtu mmoja mwenye sauti akisema "nanasi", meza nzima itaona nanasi. Andikeni kwanza.

Tazama rangi juu ya karatasi nyeupe. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha na unuse tena. Tia kinywani kiasi cha kijiko cha chakula, vuta hewa kidogo juu yake, uzungushe, uteme, halafu hesabu kimya kimya ladha inakaa sekunde ngapi. Kati ya glasi na glasi, kipande cha mkate mkavu na maji. Ukibadilisha mvinyo kwenye glasi ile ile, isuuze kwa tone la mvinyo unaofuata, si kwa maji.

Baada ya hapo jiulize maswali matatu tu. Kwa Chardonnay yanatosha.

La kwanza: uchachu wake ni wa tufaha bichi au wa maziwa mgando? Zabibu ina asidi ya maliki, ile ile ya tufaha la kijani, kali, inayokufanya ufinye jicho. Watengenezaji wengi huwaachia bakteria waigeuze iwe asidi ya laktiki, ya maziwa, iliyo laini. Katika kazi hiyo hutokea kitu kiitwacho diasetili, chenye harufu ya siagi. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kusoma chochote kuhusu mvinyo, alinusa namba 4 akasema, "Huyu amelala kwenye samli." Nilikuwa nimetafuta neno hilo dakika tano nzima.

La pili: pipa lipo? Mwaloni mpya hutoa vanila, nazi, mkate uliochomwa, karafuu kwa mbali, na moshi, wa kuni, si mji wetu. Pipa zuri unalisikia kisha unalisahau. Pipa baya linakaa mbele kama mgeni rasmi. Msichanganye pipa na siagi. Ni vitu viwili, ingawa mara nyingi hutembea pamoja. Unaweza pia kusikia ladha ya hamira au mkate, nayo hutoka kwenye mashapo ya chachu iliyokufa ambayo baadhi ya watengenezaji huyakoroga humo humo kwa miezi ili mvinyo upate unene.

La tatu: ni jua la wapi? Baridi huleta limau, ndimu, tufaha bichi, na kitu kama jiwe lililonyeshewa. Jua la wastani huleta mapeasi, kama yale ya Lushoto, na tikiti. Jua kali huleta nanasi, embe, ndizi mbivu. Pima pia uzito wake mdomoni: ni kama maziwa yaliyoenguliwa au yenye malai? Joto linalobaki kooni ni kileo. Penye jua sukari ya zabibu hupanda, na kileo nacho hupanda.

Tumieni maneno yenu. Ukisoma maelezo ya wageni utakutana na matunda ambayo hujawahi kuyatia mdomoni, ukayaandika ili uonekane. Mtu aliyekua akinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, anajua vizuri sana uchachu, utamu na uchungu wa gome la msesewe vinavyogombana kwenye kata moja, na anajua ni lini vimepatana. Huo ndio ujuzi wenyewe. Wazee wa Kibosho niliowahi kukaa nao wangemshinda mtu yeyote mwenye cheti.

Neno la chupa mbovu. Ikinuka gunia lililolowa au kadibodi, kizibo kimeiharibu. Ikiwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya tufaha lililopondeka, hewa imeingia. Ikionja kama matunda yaliyochemshwa, iliachwa juani. Mfunikaji ainuse kila chupa wakati wa kuifungua, hata kama hanywi. Pua yake peke yake ndiyo haijaokoka. Mbovu itoke, ya akiba iingie.

Kura

Tulijaribu alama za ishirini, zikatuvuruga. Kuna mtu anatoa 18 kwa kila kitu na mwingine hajawahi kuvuka 11. Sasa tunapanga nafasi tu: kila mtu aziweke chupa kuanzia 1, aipendayo zaidi, hadi 6. Hakuna sare. Mjumlishaji anajumlisha nafasi za kila chupa, na yenye jumla ndogo imeshinda.

Uzuri wake ni kwamba inajikagua. Nafasi za mtu mmoja, 1 hadi 6, zikijumlishwa ni 21. Watu 12 ni 252. Jumla ya chupa zote sita isipofika 252 sawasawa, kuna aliyekosea, rudini kwenye karatasi. Wastani wa chupa ni 42. Chupa yenye 25 imependwa kweli. Zote zikikaa kati ya 38 na 46 maana yake hatukukubaliana lolote, na msimtangaze mshindi kwa mbwembwe. Angalieni pia chupa iliyopata nafasi za kwanza nyingi na za mwisho nyingi. Ina jumla ya kawaida, lakini ndiyo itakayozungumzwa mpaka asubuhi.

Kufunua, kula, mnada

Funueni kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza, taratibu. Kabla ya kila chupa kutoka mfukoni, kila mtu ataje nchi na kama ina pipa. Kila anayekosea anatia 2,000 kwenye chungu cha mchango. Hiki ndicho chanzo chetu cha fedha kisichochoka, na mabingwa ndio wanaochangia zaidi.

Sasa washeni mkaa. Chardonnay ya pipa inakaa vizuri na kuku wa kuchoma, kuku wa nazi, na machalari yasiyo na pilipili. Ile ya Chablis mpeni sato mwenye ndimu. Pilipili kichaa wekeni mbali. Inakifanya kileo kichome na inaua kila kitu mlichokuwa mnakitafuta tangu saa kumi.

Tumbo likishapata kitu, mnada. Ile chupa ya akiba, kama haikuhitajika, inapigwa kwa mtindo wa kanisani: anayeshinda analipa papo hapo kisha anaamua kuirudisha au kuondoka nayo. Mara ya mwisho ilirudi mara nne. Mnadishaji awe mtu mwenye mdomo na mwenye huruma. Asimkabe aliyekwisha kutoa, wala asimtaje ambaye hakutoa. Ahadi zipokelewe, lakini ziandikwe na tarehe. Ahadi ya mdomoni saa tatu usiku baada ya mvinyo sita haina tofauti na ndoto.

Hesabu

Zitumwe kesho yake kabla ya saa sita mchana, wakati kila mtu bado anakumbuka alichotoa. Mistari michache tu: gharama iliyoingia, ilivyotumika, picha za risiti, mchango ulioingia, wa kila mtu kwa herufi za mwanzo za jina kama hataki litajwe, ahadi zinazosubiri. Kama gharama ilibaki, hata 8,000, amueni wazi iende wapi.

Fedha ya tangi msimpe mtu mkononi, hata awe nani. Mlipeni muuzaji wa profoma moja kwa moja, risiti iandikwe kwa jina la shule, na watu wawili wasiokuwa mweka fedha waende siku linapofungwa. Tulipopeleka la pili, mwalimu mkuu aliuliza tumekusanyaje. Tukatazamana. Shemeji wa mwenye nyumba, yule asiyekunywa, ndiye aliyejibu: "Kwa kukosea, mwalimu."

Mvinyo uliobaki zibeni, uwekeni kwenye friji, unadumu siku mbili tatu. Chupa tupu zioshwe lebo na zitunzwe. Kuna mama wa asali sokoni huzichukua zote.